Mjomba, mafundi wamekataa kishikwambi na bosi anataka majina yao

Shikamoo Mjomba,

Mimi ni mhandisi wa saiti, binti wa Masasi, nimesoma Dar es Salaam na sasa nipo Mtwara mjini kwenye jengo la ghorofa tatu. Kampuni iliyoniajiri makao yake ni Dar, ina kazi kwenye mikoa kadhaa, na mkurugenzi wetu huku anafika kwa nadra. Mambo mengi tunamalizana kwa simu na kwenye grupu la WhatsApp la kampuni.

Mwaka jana walinunua vishikwambi kwa kila saiti, pamoja na programu ya kusimamia kazi. Ndani yake kuna michoro yote, na mshauri mwelekezi akibadilisha mchoro, toleo jipya linaingia humo. Kuna ripoti ya kila siku, kuna sehemu ya picha, kuna sehemu ya kuomba vifaa. Getini ikafungwa mashine ya alama za vidole kwa ajili ya mahudhurio. Alikuja kijana kutoka Dar, akatufundisha asubuhi moja ofisini, nusu Kiingereza nusu Kiswahili, mchana akapanda ndege akarudi.

Mimi nilifurahi, Mjomba. Nilikuwa nimechoka na makaratasi yanayolowa jasho na kupeperushwa na upepo wa bahari. Lakini mpaka leo vishikwambi vinalala kabatini kwa mtunza stoo, vimepigwa kufuli, kwa sababu siku ya kwanza tu mkurugenzi alituandikia kwamba atakayevunja au kupoteza kimoja atakatwa mshahara mpaka bei yake iishe. Mtunza stoo akafungua daftari: ukitaka kishikwambi, saini. Hakuna anayesaini. Jioni karani anachukua kauntabuku ya foremani, ananakili kwenye kishikwambi, anatuma. Ripoti zetu zote zinafanana: kazi inaendelea vizuri, hakuna changamoto.

Mwezi uliopita tumebomoa kuta za vyoo vya ghorofa ya kwanza, kwa sababu zilijengwa kwa mchoro wa zamani. Mchoro mpya ulikuwemo ndani ya kishikwambi, kishikwambi kikiwa kabatini, na mafundi wakafuata karatasi iliyokunjwa mfukoni mwa Mzee.

Mzee ndiye foremani wetu. Saiti nzima inamwita hivyo. Ameshapita miaka 60, alianza kama saidia fundi, na kwa kazi simpati mwenzake: akisikiliza mlio wa mashine ya kuchanganya anakwambia zege limezidi maji. Ila ukimtajia kishikwambi anasema, "Nyumba nilizojenga zimesimama. Hicho kimejenga ngapi?" Vijana wanacheka, mjadala unaisha. Siku moja nilimwonyesha kwenye kishikwambi kwamba nafasi za ringi alizokuwa anafunga, vile vyuma vinavyozungushiwa nondo, siyo za mchoro mpya. Hakubisha. Aliweka koleo chini akaenda kukaa chini ya mwembe, na vijana wote wakasimama kazi mpaka mchana.

Mwanzoni kabisa nilipiga picha ya nguzo iliyotoka na matundu baada ya kufungua mbao, nikaipandisha kwenye programu kama tulivyofundishwa. Mkurugenzi akaichukua, akaiweka kwenye grupu la kampuni nzima na kuuliza, "Huyu ni fundi au mkulima?" Fundi mwenyewe alikatwa posho ya siku mbili. Nguzo tuliirekebisha na mshauri mwelekezi akaipitisha.

Kuhusu ile mashine ya getini, vidole vya mafundi inavikataa. Asubuhi wanapanga foleni, mtu anafuta kidole kwenye suruali, anajaribu tena, wapi. Jumamosi ya malipo siku zinapungua, ugomvi unaanza. Kishikwambi wamekipa jina la Mnoko, na nahisi siku hizi jina hilo ni langu pia. Nikinyanyua simu, hata kama nampigia mama, watu wanageukia pembeni.

Sasa mkurugenzi anataka kabla ya mwisho wa mwezi nimpelekee majina ya wanaokataa teknolojia, awatoe alete wengine. Anasema watu wa kusini ni wazito kubadilika. Na kama nimeshindwa niseme, anirudishe Dar. Mzee akiwa wa kwanza kwenye orodha hiyo sijui nitamtazama vipi. Ni sawa na baba yangu. Lakini ukuta mwingine ukijengwa kwa mchoro wa zamani, nitakayeulizwa ni mimi. Niandike majina? Nirudi Dar? Nimfanyeje Mzee?

Mhandisi wa saiti, Mtwara

*

Marahaba, mpwa wangu.

Nimeisoma barua yako na nikairudia, hasa ile aya ya picha ya nguzo. Umeiandika haraka ukapita. Mimi nitakaa hapo, kwa sababu naona saiti yenu iliugulia pale, na Mzee ameibeba lawama isiyo yake.

Tazama mafundi walijifunza nini siku ile. Nguzo imetoka na matundu, jambo linalotokea zege lisiposhindiliwa vizuri au mbao zikivuja, na lina namna yake ya kurekebishwa. Mmerekebisha, mshauri mwelekezi ameridhika, kazi imekwenda. Hata hivyo mtu amedhalilishwa mbele ya kampuni nzima na amepoteza hela ya chakula ya watoto wake, na kilichomfikisha hapo ni ile picha. Nguzo kama hiyo ingetokea kabla ya kishikwambi, Mzee angemkemea fundi, ingezibwa, ingeisha. Kwa hiyo mafundi wako wamepiga hesabu sahihi kabisa. Kifaa hiki kikinishika, nakatwa. Nikikivunja, nakatwa. Kisiposoma kidole changu, nakatwa. Mtu gani mwenye akili atakikimbilia?

Usikubali kuambiwa kwamba ni uzito wa watu wa kusini. Hao hao mafundi wanatumiwa hela kwa simu, wanaweka akiba ya kikoba kwa simu, wanatumiana sauti WhatsApp kuulizana bei ya nondo, na hakuna aliyepandishiwa mwalimu kwenye ndege kuja kuwafundisha. Vishikwambi vyenyewe vilipita kwenye vijiji vyetu vyote wakati wa Sensa ya Agosti 2022, na makarani wengi walikuwa vijana wa huku huku. Bomba la gesi la kutoka Madimba hadi Dar es Salaam na kiwanda cha saruji cha Dangote vilizinduliwa 2015, baadaye likaja gati jipya la mita 300 bandarini kwetu, na watu wa mkoa huu walifanya kazi humo. Neno "mkulima" alilolitumia mkurugenzi wako kama tusi limeniuma. Korosho za wakulima wa Mtwara na Lindi zinailetea nchi hii fedha za kigeni kila msimu.

Kuna mtafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard anayeitwa Amy Edmondson. Miaka ya 1990 alichunguza makosa ya dawa hospitalini, akitegemea kwamba timu zenye uongozi mzuri zitakuwa na makosa machache. Takwimu zikamjia kinyume: timu nzuri ndizo zilizoonyesha makosa mengi. Alipochimba akaona kwamba pale watu hawakuwa na hofu, walikuwa wanasema. Kwingine makosa yalikuwepo, yamefunikwa. Sasa zirudie ripoti zenu za kila jioni. Saiti ya ghorofa tatu yenye zege, nondo, mafundi wa umeme na mabomba, halafu hakuna changamoto hata moja wiki baada ya wiki? Kampuni imenunua kifaa cha kuonea mbali, kisha ikawafundisha watu wake kufumba macho.

Kwa hiyo wa kuanza kubadilika ni mkurugenzi, na wewe ndiye wa kumwambia. Najua ni mzito kumwendea. Usimwandikie kwenye grupu. Mpigie, au subiri akija, na uanze na hela, kwa sababu hela anaielewa. Mpe gharama za zile kuta za vyoo: matofali, saruji, malipo ya kujenga, malipo ya kubomoa, malipo ya kujenga tena. Kisha mwonyeshe njia iliyosababisha: mchoro sahihi ulikuwepo saiti, umefungiwa kabatini na tangazo lake la kukata mishahara. Nia yako isiwe kumshinda kwa maneno. Unamwonyesha hasara na ilikotoka.

Kuhusu tangazo lenyewe, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 hairuhusu mwajiri kukata mshahara kufidia hasara kwa kutangaza tu. Mfanyakazi lazima awe amekubali kwa maandishi, hasara iwe imetokea kazini kwa kosa lake, apewe maelezo na nafasi ya kujitetea, na makato yasizidi robo ya ujira wake. Mkurugenzi atangaze kwamba kishikwambi kikiharibika kwa kazi ni hasara ya kampuni, kama koleo linavyovunjika mpini. Anunue makava magumu. Vitolewe kabatini, kimoja kikae kwenye meza ya foremani tangu asubuhi. Kitapata vumbi, kitapata mikwaruzo, kifaa cha saiti ndivyo kilivyo.

Neno la pili kwake ni la picha. Picha ya kasoro iishie kwa wanaoweza kuirekebisha: wewe, Mzee, fundi mhusika, mshauri mwelekezi. Grupu la kampuni si mahali pake. Na kama anaweza kulibeba, amrudishie yule fundi posho yake ya siku mbili. Nalisema hili kwa uzito. Kwa kampuni hela hiyo ni ndogo sana, na hakuna mafunzo yoyote ya kijana wa Dar yatakayofanya kazi kubwa kuliko mafundi kusikia kwamba fulani amerudishiwa chake.

Neno la tatu: azifungue hizo ripoti na kuzijibu. Kwa mnavyomalizana mambo kwa simu, nadhani akitaka kujua mmefika wapi anakupigia wewe. Mafundi wanaliona hilo. Mzee akiomba saruji kupitia kishikwambi Jumatatu, na gari likafika Jumanne bila mtu kupiga simu wala kubembeleza, wiki ijayo ataomba tena humo humo. Aonjaye asali huchonga mzinga. Wakulima wetu wa korosho walipoletewa stakabadhi ghalani mwaka 2007, unapeleka korosho ghalani, unapewa karatasi, hela unasubiri mpaka ziuzwe, hawakuuliza karatasi ni nzuri kiasi gani. Waliuliza hela inaingia lini, na pale ilipochelewa waliukasirikia mfumo wote. Fundi naye ana swali hilo hilo.

Na kauntabuku ife. Kuandika mara mbili ndiko kunakoiua programu yenu polepole, kwa sababu daftari likiwepo kila mtu anajua kwamba kishikwambi ni cha maonyesho. Kampuni yenu ikitafuta zabuni za serikali inapita kwenye mfumo wa NeST, tangu 2023, na sidhani kama kuna mtu ofisini aliyesema mfumo ule ni mgumu kwa watu wazima. Walijifunza kwa sababu hakukuwa na mlango wa pili. Ila usiue karatasi kabla ya kuusoma mkataba wa mradi. Kama ni ule wa FIDIC wa 1999, mkataba wa mfano wa shirikisho la kimataifa la wahandisi washauri, kifungu cha 1.3 kinakubali mawasiliano ya kielektroniki pale ambapo njia yenyewe imekubaliwa na kutajwa kwenye kiambatisho. Kama haikutajwa, lipeleke suala hilo kwenye kikao cha saiti, mwenye mradi na mshauri mwelekezi wakubaliane, liandikwe kwenye muhtasari na kusainiwa. La sivyo siku ya mgogoro mtajikuta na maagizo yasiyo na nguvu.

Sasa ile mashine ya getini, maana hii imenikera kuliko yote. Saruji mbichi ina pH ya 12 hadi 13, ni kali, inakula ngozi. Juu yake weka mchanga, matofali na miaka ya kazi. Mistari ya vidole vya fundi inalika mpaka inapotea, na mashine inayotafuta mistari hiyo haioni kitu. Kwa maneno mengine mnayemnyima siku yake ya malipo ndiye aliyefanya kazi ya saruji kwa miaka mingi kuliko wenzake. Karani wa ofisini mwenye mikono laini anasomwa mara moja. Hakuna fundi atakayekiamini kifaa chochote cha kampuni hiyo wakati kila Jumamosi anagombania siku aliyoifanyia kazi. Hili usisubiri mkurugenzi aje. Kuanzia kesho weka orodha ya kuita majina asubuhi, wewe na Mzee mkisaini, na mashine ikipingana na orodha, orodha ndiyo ilipe. Baadaye waombe wabadilishe, watoe kadi au namba. Tena kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, inayozihesabu alama kama hizo kuwa taarifa nyeti. Wafanyakazi wana haki ya kuelezwa vidole vyao vinahifadhiwa wapi na kwa kazi gani. Je, kuna aliyewaeleza?

Tuje kwa Mzee.

Umeniambia mwenyewe kwamba anajua zege kwa mlio wa mashine. Ujuzi huo ndio mali yake. Alianza kwa kubeba maji na kukoroga udongo, akawa anaiba kwa macho, mwaka baada ya mwaka, mpaka akafika mahali ambapo saiti haiwezi kwenda bila yeye. Foremani wengi wa umri wake hawana mkataba wa kudumu. Kinga yao ni kwamba mambo yako kichwani mwao. Halafu kinaletwa kitu ambacho binti wa umri wa mwanawe anakigusa kwa kidole na kujua nafasi ya ringi kabla yake, mbele ya vijana aliowafundisha kushika koleo. Alivyokwenda kukaa chini ya mwembe hakuwa anagombana na mchoro. Na anaposema nyumba zake zimesimama, anasema kweli, usimbishie.

Mwendee peke yake, asubuhi kabla kazi haijapamba moto, pale kwa mama lishe mnapokunywa chai. Shikamoo yako iwe ya kweli. Usimpelekee kishikwambi, mpelekee shida: "Mzee, zege likishamwagwa hakuna anayeziona nondo zako. Mwakani mtu akisema hukuweka nondo za kutosha, utamjibu na nini?" Kila foremani wa umri wake anaijua hofu hiyo. Kisha mwombe kitu kimoja tu, kwamba kabla ya kila zege mpige picha za nondo pamoja. Yeye ndiye ashike futi. Futi ilazwe kwenye nondo ya nguzo, namba zisomeke, mkono wake uonekane ukionyesha nafasi kati ya ringi na ringi, na nafasi kati ya nondo na mbao. Kijana apige picha, na sauti ya Mzee irekodiwe kwa Kiswahili chake: nguzo gani, ghorofa ya ngapi, mchoro toleo gani. Asiandike chochote. Jina lake likae kwenye kumbukumbu kama aliyekagua. Hapo kifaa kilichokuwa kinatafuta makosa yake kimegeuka shahidi wake.

Na huo mlio wa mashine ya kuchanganya usiuache ukapotea hewani. Mwambie ataje kabla ya kipimo kama zege liko sawa, limezidi maji au limekauka. Kisha jazeni lile kopo la kupimia ulaini, lenye kimo cha milimita 300, mlinyanyue, mpime zege limeshuka kiasi gani, na muandike vyote viwili, kauli ya Mzee na kipimo. Majibu ya maabara ya vipande vya zege ya siku 7 na siku 28 yakija, yaingizwe hapo hapo na asomewe. Sitashangaa akikaribia kipimo mara nyingi, na pale atakapokosea ataona mwenyewe bila mtu kumwambia. Vijana wataelewa kwamba alichonacho Mzee kinastahili kuandikwa.

Lakini mpwa wangu, heshima isikufanye uogope kazi yako. Kwenye mchoro wa zamani usilegee hata kidogo. Chapisha mchoro unaotumika kwa karatasi kubwa, ubandike kwenye ubao kivulini, na toleo jipya likija la zamani likusanywe kutoka kila mfuko na kuchanwa, Mzee akisaini kwamba amepokea jipya. Kioo cha kishikwambi kwenye jua la Mtwara la saa saba hakisomeki, kwa hiyo karatasi hii ina kazi yake. Programu ibaki ndiyo chanzo chake. Kabla ya kumwaga zege au kuanza ukuta, wewe na Mzee msome kwa sauti namba ya mchoro na toleo. Zisipolingana, kazi haianzi, na sheria hiyo imhusu kila mtu. Viwanda vya Toyota vinajulikana kwa kamba ambayo mfanyakazi wa chini kabisa anaivuta akiona kasoro, na mkuu wake anakuja kusaidia, hakuna kukatwa. Saidia fundi wa kwenu naye awe na ruhusa ya kusema "subirini" na akasikilizwa bila kuchekwa. Ukiwa na la kumsahihisha Mzee, mvute pembeni, mwambie, kisha yeye ndiye awageukie vijana na kutoa amri.

Mafunzo yawe ya muda mfupi, kwa Kiswahili, yarudiwe kila mwanzo wa wiki pale pale kwenye kazi. Tafuta kijana mmoja au wawili ambao mkono wao umeshazoea, hata kama ni vibarua, na uwakabidhi jukumu hilo chini ya Mzee. Chagua wale utakaokuwa nao muda mrefu. Unajua kama mimi kwamba kuanzia mwezi wa kumi, korosho zikianza kuuzwa, vibarua wengi wanaondoka kwenda mashambani, na anayekuja badala yao hajui lolote. Baada ya hapo mvua zinashika mpaka mwezi wa nne. Jambo hili lisimame kabla ya msimu, la sivyo utaanza upya mwakani.

Majina usiandike. Badala yake mpelekee mkurugenzi ukurasa mmoja wa vitu vilivyokwamisha: kabati na tangazo la makato, mashine isiyosoma vidole vya mafundi, ripoti kuandikwa mara mbili, mafunzo ya asubuhi moja kwa lugha ambayo wengi hawaifuati, na picha ile kwenye grupu. Mbele ya kila kimoja weka kilichopotea, na unachoomba kifanyike. Akisisitiza majina, mjibu kwa maandishi na kwa adabu kwamba hujaona mtu aliyekataa, umeona watu waliojilinda, na kwamba unaomba mwezi mmoja wa kujaribu utaratibu mpya kwenye kazi moja tu, ukaguzi wa nondo kabla ya zege.

Dar usikimbilie sasa. Kampuni ni ile ile, saiti ya huko nayo huenda ina kabati lake. Lakini akikataa yote, akaendelea kurusha picha za watu kwenye grupu na kukata posho, basi jua kwamba kasoro zitakuwa zinafichwa wewe mwenyewe ukiwa pale, na kazi hiyo ina saini yako. Usajili wako kwenye Bodi ya Usajili wa Wahandisi ni wako, si wa kampuni. Hapo omba uhamisho au tafuta kazi kwingine, na sababu uziandike wazi kwenye barua yako, nakala ubaki nayo.

Mjomba